Wanaokuja Kufungua Mulango

Kaka yangu Mahmoudi hamwamini mtu. Mtu akimsalimia asubuhi, yeye anajiuliza huyu anatafuta nini. Ukimletea samaki, anamgeuza aone upande wa chini. Siku moja fundi wa umeme alikuja kurekebisha waya, yaya akasimama chini ya ngazi kwa muda wote, macho juu, mpaka yule kijana akashuka kabla hajamaliza kazi. Ndiyo, namwita yaya, maana ni mkubwa wangu, na hapa Kisangani hata ukikasirikiwa na mkubwa wako, yaya ni yaya. Lakini ananichosha. Kwake yeye mji huu mzima ni watu waliokaa wakingoja alale usingizi.

Anachokilinda ni Mulango. Mtaani kwetu neno hilo ukilisema peke yake, hakuna atakayekuuliza mlango gani. Ni lango la boma la zamani, ingawa boma lenyewe halipo tena. Babu wa babu zetu walipofika hapa mtoni wakifuata pembe za ndovu, walizungusha ukuta wa matofali ya kuchoma, na mahali pa kuingilia wakajenga hiki kitu. Kuta zake ni nene, mtu mzima anaweza kulala kwa upana wa ukuta na miguu yake isining'inie. Mbele kuna mbao mbili za kambala, yaani mvule, moja tunaiita dume na nyingine jike, na katikati nguzo iliyochongwa maua na samaki. Kwenye fremu umechongwa mnyororo, unapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Babu alikuwa akisema ni pambo tu, mafundi wa pwani walipenda hivyo. Mimi sijawahi kuupenda. Watu walipita hapo wamefungwa shingo, tuseme ukweli, na waliowafunga ndio waliotuzaa sisi.

Ukivuka zile mbao unaingia kwenye ukumbi mwembamba wenye paa. Mbele kidogo ukumbi unakata kushoto ghafla kama kiwiko cha mkono, ili adui akiingia mbio agonge ukuta kwanza kabla hajamwona mtu. Kandokando kuna chumba cha bawabu, na ukuta wake una tundu jembamba la kutolea bunduki. Wazungu walipokuja walivunja boma wakabeba matofali kwenda kujengea nyumba zao. Lango waliliacha, sijui kwa nini, labda walichoka. Familia yetu ikaegemeza nyumba kwenye kile chumba cha bawabu, na mpaka leo yaya analala mlemle. Ukipiga hodi kwake, kabla hujaitikiwa, jicho lake tayari liko kwenye tundu la bunduki linakukagua viatu.

Tulipokuwa watoto Mulango ulikuwa wazi. Wanawake walikata njia ukumbini na ndoo zao wakitoka mtoni, na wakati wa jua kali wazee walikaa humo kwa sababu ya ubaridi. Yaya aliufunga baada ya vita ya siku sita, mwaka wa elfu mbili, majeshi mawili ya nje yalipogombania mji wetu utadhani waliurithi. Jirani zetu walikuwa wamekimbilia msituni. Sisi tulibaki, yaya, mimi na mama yetu, kwa kuwa mama aliamini hakuna ukuta mnene kuliko ule. Kipande cha chuma kikaingia kwa lile tundu la bunduki kikampata mama ubavuni. Tundu lililojengwa kutolea risasi ndilo lililoiingiza.

Makaburini hakukuendeka. Yaya alichimba palepale kwenye kiwiko cha ukumbi, kwa jembe lenye mpini uliovunjika na kwa sahani ya bati. Mimi nilimvika mama pagne, kitenge chake cha sikukuu, kwa kuwa sanda hatukuwa nayo. Tukamswalia wawili tu, mimi nikilia hata dua sikuimaliza. Vita ilipokwisha tukasikia uvumi kwamba watu watapita nyumba kwa nyumba kufukua waliozikwa ovyo, wawakusanye shimo moja. Yaya akapiga komeo mbao za mbele, akaziba kwa matofali mwisho wa ukumbi, akabakiza njia moja tu, ile ya kupitia chumbani kwake. Kisha akaniapisha. Neno lisitoke, hata kwa mke atakayemwoa, hata kwa watoto atakaowazaa. Niliapa, na sikulisema.

Basi watu wakaona mtu anayelinda mbao. Wakamcheka, na wengine wakapata tamaa. Alikuja bwana mmoja kutoka Kinshasa, ananukia marashi, akitaka kuzing'oa zile mbao akapambe hoteli. Wakaja wa kupiga picha, wakaja wa kupima. Kila aliyekuja alimwongezea yaya kufuli moja rohoni. Mke wake alipofariki kwa ugonjwa, alinishuku hata mimi, dada yake, eti nimemletea mganga mbovu. Nilinuna nusu mwaka. Kisha nikarudi, maana alikuwa na mtoto wa kike wa kulea, Leila, na mtoto hana kosa.

Leila sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mshonaji, mwenye kucheka kwa sauti. Wachumba wawili wameshakuja wakakimbia. Wa kwanza yaya alimuuliza kwa nini ana simu mbili. Wa pili alimfuata kwa nyuma mpaka nyumbani kwao kuhakikisha kama kweli anakaa alikosema. Ndipo akaja Issa.

Issa ni seremala wa kule komini ya Tshopo, wazazi wake walitoka Maniema. Kijana mtulivu, hana neno. Lakini seremala ni seremala. Siku ya kwanza aliyokuja kumsalimia yaya, macho yalimponyoka yakaenda kwenye zile mbao, mkono nao ukafuata. Akagonga kwa kidole, akasikiliza.

"Papa, hii iko kambala ya kweli," alisema. "Leo hawapate tena mbao ya hivi."

"Weye unaitafutia nini?" yaya akamjibu.

Issa akadhani ni utani, akacheka. Yaya hakucheka. Jioni akaenda kukagua bawaba moja baada ya nyingine.

Leila alikuja kwangu sokoni, ninakouza makayabu, wale samaki wa chumvi. Akakaa juu ya gunia tupu, hakucheka, nami nikajua liko jambo.

"Tantine," akasema, "huyu papa akimfukuza, miye natoka naye. Nimechoka. Itakuwa yaka tofanda."

Yaka tofanda ni Lingala, njoo tukae, na hapa maana yake ni kwenda kuishi na mwanamume bila wazazi kupelekewa hata salamu. Kwa binti wa mtaa wetu ni aibu isiyofutika. Lakini aibu mimi ningeimeza, nimemeza makubwa zaidi. Nilichoogopa ni kwamba namjua kaka yangu. Leila akitoka hivyo, asingemfuata. Angekaa katika chumba cha bawabu na jicho lake kwenye tundu, mpaka afe humo peke yake, na mtoto asijue baba yake alikuwa nani. Nilimwambia Leila avumilie, wazazi wa Issa waje kwa heshima, mengine tutaona.

Wakaja kwa heshima, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Sisi watu wa familia za zamani, siku wakwe wanapokuja mara ya kwanza kumwomba binti tunaiita posa. Kwa akina Issa wanaiita kufungua mulango. Ni jambo lilelile, kuja na zawadi mkaribishwe. Sasa mjomba wake Issa, tonton Assumani, mtu mnene mchangamfu, alimpigia yaya simu. Mimi sikuwepo, haya niliyapata baadaye kwao wote wawili.

"Papa Mahmoudi," alisema, "Jumapili tunakuya kwako. Tunakuya kufungua mulango."

Yaya akabana simu sikioni. "Kufungua nini?"

"Mulango, papa. Tuko batu saba. Bon, mutuwekee nafasi ya kamyoneti, juu vitu ya kubeba iko mingi."

"Na nani aliwaambia mulango yangu inafunguliwa?"

Assumani akacheka sana, akiona mkwe ana maneno matamu. "Mutoto mwenyewe alikubali! Na Issa ameangalia muzuri. Anasema mu Kisangani muzima hayaona kama hiyo."

Yaya akakata simu. Umeona mambo? Neno moja, mtu mmoja anamzungumzia binti, mwingine anawaza komeo. Na gari lao linakuja, na watu saba wa kubeba. Mtu mwingine yeyote angeuliza. Kaka yangu haulizi, anachunguza. Alingoja Leila alete chakula, akamtazama usoni.

"Unajua batu ya Issa wanakuya kufungua mulango?"

"Najua, papa," Leila akasema, akaona haya.

"Weye njo ulikubali?"

"Nilikubali. Nimengoya sana, papa. Na miye iko na haki yangu."

Yaya akasukuma sahani. Leila akadhani baba amehuzunika kwa kuwa mtoto anaondoka. Alikuja mbio kwangu, machozi yanamtoka kwa furaha, eti papa amekubali, hakutoa hata neno moja la kupinga. Nami nikamshukuru Mungu.

Jumapili nilipanda toleka, baiskeli yetu ya abiria, nimeshikilia sufuria ya lituma mapajani, ndizi zimetwangwa vizuri, moto bado. Nikamkuta yaya amekaa kwenye kiti mbele ya Mulango, kanzu nyeupe, kofia, na panga juu ya magoti. Nikafurahi. Nilijua wageni wataleta mbuzi, nikaona mwenyeji amejiandaa kuchinja. Hata nikamwambia anoe vizuri, panga butu linamtesa mnyama. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

"Na weye ulijua," akasema.

"Nijue nini? Nimepika toka alfajiri," nikamjibu, nikapitiliza jikoni kwa Leila.

Kamyoneti ilifika ikarudi kinyumenyume mpaka karibu na zile mbao, kwa kuwa dereva alitaka mbuzi washuke kwa urahisi. Mimi na Leila tulikuwa tunachungulia kwa dirisha, ndiyo desturi, bibi harusi haonekani. Wanaume saba wakashuka na kofia zao. Issa alibaki nyuma, kama inavyotakiwa. Assumani akajongea, akakunja mikono kifuani.

"Papa, tumekuya na heshima yote," akaanza kwa sauti ya shughuli. "Tumekuya kufungua mulango ya hii nyumba."

"Mulango hii haifunguke," yaya akasema. "Mupande gari, muende."

Wageni wakachekelea. Katika posa, mwenyeji kukataa mara ya kwanza ni sehemu ya mchezo, anatakiwa abembelezwe. Assumani akaita mbuzi wa kwanza. Yaya akatikisa kichwa. Akaitwa wa pili, ikaja na bali ya pagne, robota zima la vitenge. Yaya akasimama, panga mkononi.

"Hata mulete ngombe, miye siuze."

Hapo kicheko kikakatika. "Kuuza?" Assumani akauliza. "Papa, nani alisema kuuza? Unatuona sisi batu ya kununua mutu?"

"Nawaona wezi," yaya akasema. "Toka siku ile mutoto wenu aliigonga nilijua. Munaingia ku nyumba ya mutu kwa salamu, kumbe macho iko ku mali."

Mimi pale dirishani nilibaki mdomo wazi. Leila alikuwa ameshatoka. Alitoka na nguo yake mpya ya kitenge, akapita jikoni, akachukua begi lililokuwa nyuma ya pipa la maji. Kumbe alikuwa amelipanga toka zamani, mtoto yule, hakuniambia. Akaenda akasimama kati ya baba yake na wale wanaume.

"Papa, ya kwanza ulifukuza. Ya pili ulifukuza," akasema. "Leo ukimufukuza Issa, na miye natoka. Hautaniona tena. Unasikia?"

Yaya alimwangalia. Namjua kaka yangu, aliumia. Lakini alichosema ni hiki:

"Enda. Mulango inabakia."

Nililia. Leila aligeuka akaanza kutembea kwenda kwenye gari. Mimi nikatoka jikoni na mwiko mkononi, nikamkamata yaya kanzu.

"Yaya, unasema mulango gani?"

"Iko ngapi hapa?" akanijibu kwa hasira, akaelekeza panga kwenye zile mbao. "Wamekuya kung'oa. Mutoto wangu mwenyewe aliwakubalia. Aliniambia kwa kinywa yake."

Ikanichukua muda kidogo. Kisha nikaelewa, nikatamani kumpiga kwa ule mwiko. Nikamwambia mbele ya wote, yaya, kufungua mulango kwao ni posa, wamekuja kumwomba Leila, hakuna anayetaka mbao zako. Assumani naye akatazama zile mbao, akatazama gari lilivyorudishwa mpaka pale, akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Wenzake wakacheka. Hata dereva. Yaya akashusha panga chini, akakaa kwenye kiti, anafuta uso. Nikadhani yamekwisha.

Leila hakucheka. Alikuwa amesimama na begi lake.

"Donc ulifikiri nauza hii mbao," akasema taratibu, "na ukaniambia niende. Sasa nimejua nafasi yangu. Issa, tuende. Yaka tofanda."

Issa hakujua aangalie wapi. Alikuwa ametoka nyuma ya gari, uso umemshuka. Assumani akaacha kucheka. Hakuna mzazi aliyekuja na mbuzi anayetaka kuondoka na binti namna ile, ni kumwiba. Lakini Leila aliweka begi ndani ya kamyoneti, akaweka na mguu.

Yaya akaniangalia mimi. Nilijua anachokiangalia, kile kiapo. Maneno yalikuwa mdomoni kwangu, yananichoma, lakini hayakuwa yangu kuyatoa. Nikainamisha kichwa. Na yeye, mtu asiyemwambia jirani hata amekula nini, akasimama mbele ya wanaume saba asiowajua na dereva wao.

"Leila," akasema. "Mama yangu iko mule ndani."

Leila akageuka. "Mama gani?"

"Bibi yako. Hayuko makaburini. Ile kaburi nilikuonyesha kule si yake. Miye na tantine yako njo tulimuzika mule, siku ya bombe. Sikutaka batu wamufukue. Mbao si kitu, mutoto wangu. Mbao hata wachome."

Mbuzi mmoja alikuwa anatafuna pagne, hakuna aliyemfukuza. Assumani akaokota kofia yake, akaipangusa, akamsogelea yaya.

"Alisomewa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tulikuwa wawili."

"Hakuna hitima?"

"Ningemwita nani?"

Assumani akavua viatu. Hakungoja kukaribishwa, akaviweka sawa pale kwenye udongo, na wenzake wakavua vya kwao. Wakapanga mstari wakielekea zile mbao zilizofungwa, Issa mwishoni, wakainua mikono. Miaka yote ile mama yetu alikuwa na sauti mbili tu, yangu na ya yaya, tena za kunong'ona kwa siri. Siku ile wanaume wazima walimsomea Yasini kwa sauti, mpaka jirani wakasimama njiani, na waliposema amina nikakaa chini na mwiko wangu.

Walipomaliza, yaya, hamwezi kuamini, akawaomba wasiseme kwa watu. Alikuwa bado anawapima mmoja mmoja kwa macho. Assumani akamwambia, "Papa, kama tumekuwa wakwe, tutasema kwa nani?" Yaya akafikiri sana juu ya hilo. Kisha akawaambia waingie, chakula kinapoa.

Leila alishusha begi lake mwenyewe. Hakuingia ndani. Alikwenda akasimama mbele ya baba yake, karibu sana, nami nilikuwa pale kwa hiyo nilisikia.

"Nilikuwa mudogo, nilipitia ku chumba yako, nikaruka kamba mule ndani," akasema. "Ulinipiga mpaka damu ikatoka ku pua. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Toka siku ile najua unapenda mbao kuliko miye."

Yaya alitaka kumshika mkono, hakuthubutu.

"Ungeniambia, papa," Leila akasema. "Tungemulinda wawili."